Nyerere, Kikwete na Magufuli: Kupima Misimamo Mitatu ya Mambo ya Nje na Usalama Ukiwa Arusha au Moshi

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Moshi, kila wanapoandaa mdahalo kuhusu nafasi ya Tanzania duniani, hukwama mahali pamoja. Wanaotaka nchi isimamie haki humtaja Mwalimu Julius Nyerere. Wanaotaka milango iwe wazi na nchi iketi meza moja na wakubwa humtaja Jakaya Kikwete. Wanaoamini kwamba tumeibiwa vya kutosha humtaja John Magufuli. Watu wazima nao wamekwama papo hapo, maana mgombea anayezungumzia mipaka, jeshi au wawekezaji mara nyingi hujiegemeza kwa mmoja wa hao watatu, na msikilizaji hubaki ameshika jina kubwa bila kipimo. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliye katika hali hiyo. Hautamwambia nani alikuwa bora kwa kila jambo, kwa sababu sidhani kama jibu hilo lipo.

Benjamin Mkapa, rais aliyemtangulia Kikwete, sikumweka kwenye mizani kama mtu wa nne, si kwa kumpuuza. Sera ya mwaka 2001 iliyoiweka diplomasia ya uchumi mbele ilitoka katika kipindi chake, lakini waziri wake wa mambo ya nje tangu 1995 hadi 2005 alikuwa Kikwete, na sehemu kubwa ya fikra hiyo tunaiona ikitendwa katika urais wa Kikwete mwenyewe.

Vigezo

Nitawapima wote watatu kwa maswali matano. Waliona hatari kubwa kwa taifa ni ipi? Waliishi vipi na majirani? Waliwachukuliaje wakubwa wa dunia na fedha zao? Walilituma jeshi kufanya nini? Na mwisho, gharama ilimwangukia nani? Swali la pili na la tano nitakaa nayo kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu sisi wa kaskazini ndiyo yanayotugusa kila siku. Namanga iko yapata kilomita 110 kutoka Arusha, na Holili iko karibu zaidi kutoka Moshi. Kwa mkazi wa mkoa wa mbali na mpaka, ugomvi wa nchi mbili ni taarifa ya habari ya jioni. Kwa mwenye lori la vitunguu, au kwa kijana anayeongoza watalii mlimani, ugomvi huohuo ni siku ya kazi iliyopotea.

Hatari waliyoiona

Kwa Nyerere hatari ilikuwa ukoloni, ule ulio dhahiri na ule unaorudi kwa mlango wa nyuma. Alipata somo lake mapema, Januari 1964, wanajeshi wa Tanganyika Rifles walipoasi na yeye akalazimika kuwaita askari wa Uingereza wawazime, jambo aliloliona kuwa ni fedheha kwa nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili tu. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Kuanzia hapo aliamini kwamba uhuru wa nchi moja hauna usalama wakati Msumbiji, Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini bado ziko mikononi mwa walowezi na wakoloni. Azimio lililotangazwa mwaka 1967 na kubeba jina la Arusha likaongeza upande wa pili wa fikra hiyo, kwamba nchi inayotegemea mikopo na misaada ya wengine inahatarisha uhuru wake.

Kikwete aliingia Ikulu mwaka 2005, vita vya ukombozi vikiwa vimekwisha. Hatari aliyoiona ilikuwa nchi kubaki maskini na kusahauliwa huku majirani wakiungua. Alikuwa ameshuhudia akiwa waziri bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, na aliona wakimbizi wa Burundi na Kongo wakijaza mikoa ya magharibi. Usalama, kwake, ulikuwa matunda ya mahusiano mengi na mazuri.

Magufuli aliitaja hatari yake kwa maneno mawili yaliyoshika nchi nzima: vita ya kiuchumi. Adui hakuvuka mpaka na bunduki. Alipakia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kwenye makontena akaondoka nayo kwa karatasi zilizogongwa mihuri yetu wenyewe.

Majirani

Hapa ndipo picha za kwenye kuta hazitoshi kutuambia ukweli. Nyerere anakumbukwa kama baba wa umoja, na ni kweli kwamba mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1967 aliutia saini yeye pamoja na Jomo Kenyatta na Milton Obote, makao makuu yakawekwa Arusha. Lakini Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977 mikononi mwake na mwa wenzake, na serikali yake ndiyo iliyofunga mpaka wa Kenya, ambao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Watalii waliozoea kupita Nairobi kwenda Serengeti na Ngorongoro walikatika. Majengo ya Arusha yaliyojengwa kwa ajili ya Jumuiya yakageuzwa kuwa kituo cha mikutano cha kimataifa cha AICC. Kwa upande wa kusini, hata hivyo, ujirani wake ulikuwa wa kiwango ambacho hakuna rais mwingine wa nchi hii aliyekifikia: alikuwa nguzo ya Nchi za Mstari wa Mbele, zile nchi huru zilizounga mkono ukombozi wa kusini, aliwapa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, makao, na alijenga pamoja na Kenneth Kaunda reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ili Zambia isitegemee njia za walowezi. Baada ya kustaafu alirudi Arusha kusuluhisha Warundi, kazi aliyoifanya hadi kifo chake Oktoba 1999. Nelson Mandela aliipokea, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Kikwete alikuwa mtu wa kuketi na kuzungumza. Mwaka 2008, akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwa Nairobi Mwai Kibaki na Raila Odinga walipokubaliana mwezi Februari kugawana madaraka, na kwa wafanyabiashara wa kaskazini ambao mizigo yao ilikuwa imekwama kwa machafuko ya Kenya, kazi ile haikuwa ya heshima tu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Arusha Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010. Hata hivyo serikali yake ilikataa katakata ardhi iingizwe katika mambo ya pamoja, na tahadhari hiyo ilichangia kuwafanya Kenya, Uganda na Rwanda waanze mwaka 2013 kukutana bila Tanzania. Mwaka huohuo ushauri wake kwamba serikali za Rwanda, Uganda na Kongo zizungumze na waasi wao uliwasha hasira kubwa Kigali. Novemba 2013 aliliambia Bunge kwamba Tanzania haitoki katika Jumuiya. Nikimpima kwa haki, naona mtu aliyekuwa na upole mwingi wa maneno na msimamo mkali juu ya ardhi, na sioni kwamba mambo hayo mawili yalipingana.

Magufuli ana kurasa mbili za Namanga, na anayemtaja kwa moja tu anakosea. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto pale mpakani, serikali ikisema inazuia ugonjwa wa ndege, na katika kipindi hichohicho ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada kwa kuingia malishoni kwetu. Kwa Wamaasai, ambao undugu wao haukuchorwa na mstari wa Wazungu, jambo lile liliuma pande zote mbili. Ukurasa wa pili ni tarehe 1 Desemba 2018, yeye na Uhuru Kenyatta walipofungua kituo cha pamoja cha huduma mpakani hapohapo Namanga, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja. Mwaka 2016 aliipata Tanga kuwa mlango wa bomba la mafuta ya Uganda, lenye kilomita 1,443, baada ya ushindani na Kenya. Kisha ukaja mwaka 2020, madereva wa malori wakikwama kwa ugomvi wa vipimo vya korona, na Machi 2021, siku chache kabla ya kifo chake, Kenya ikazuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu. Uhusiano wake na majirani ulipanda na kushuka kwa ghafla, na mkulima au dereva hakuweza kuujua wa kesho.

Wakubwa wa dunia na fedha zao

Nyerere hakukubali rafiki amchagulie adui. Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wa kijeshi kwa sababu ya Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi ya kibalozi nchini, aliwaambia waondoe na misaada mingine. Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kwake kuwazuia walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru, akijua kwamba mkopo wa pauni milioni 7.5 ungepotea, na ukapotea. China ilijenga TAZARA kwa mkopo usio na riba baada ya wengine kukataa, na mwaka 1971 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, Salim Ahmed Salim akiwa mwakilishi wetu, China ilipopata kiti chake Umoja wa Mataifa.

Kikwete hakuona haja ya kumkataa mmoja ili kumpata mwingine. George W. Bush alikuja Februari 2008, akafika hadi Arusha, na mkataba wa Changamoto za Milenia wa dola milioni 698 ukasainiwa kwa ajili ya barabara, umeme na maji. Mwaka 2013 Xi Jinping alikuja Machi na Barack Obama akaja Julai. Ni nchi chache zilizowapokea wote wawili ndani ya miezi minne. Udhaifu wa njia hiyo ulijitokeza baada ya yeye kuondoka: Machi 2016 Marekani ilisimamisha awamu ya pili ya fedha hizo, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar. Kilichotolewa kwa hiari ya mwingine huondolewa kwa hiari yake pia, na Azimio la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kulionya hilo.

Magufuli hakusafiri nje ya Afrika hata mara moja akiwa rais. Alizuia makinikia kusafirishwa Machi 2017, Bunge likapitisha sheria mpya za rasilimali, na mwisho wake Barrick, kampuni ya kigeni ya dhahabu, ikakubali kuunda kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16, pamoja na malipo ya dola milioni 300. Mwaka 2016 alikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Wenye mashamba ya maua Arusha walikuwa na sababu ya kuuliza maswali, lakini Tanzania, kwa kuhesabiwa katika nchi zenye maendeleo duni, iliendelea kuingiza bidhaa Ulaya bila ushuru. Hilo halikuwa kweli kwa Kenya, na ndiyo maana wao waliharakisha. Bwawa la umeme la Rufiji aliliita la fedha zetu. Reli ya kisasa, hata hivyo, ilichukuliwa mkopo wa kibiashara wa dola bilioni 1.46 kupitia Standard Chartered mwaka 2020, na anayesema kipindi kile hakikukopa anapaswa kulijua hilo.

Jeshi

Kwa Nyerere, jeshi liliingia vitani. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na hotuba ya tarehe 2 Novemba, yenye uwezo, sababu na nia, bado inakaririwa na watoto ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa. Moshi ina nafasi yake katika habari hiyo, kwani ni hapa ambapo Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 wakaunda chama cha pamoja na kumchagua Yusuf Lule kukiongoza. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Baadhi ya wakuu wa nchi za Afrika walimlaumu kwa kuiangusha serikali ya nchi nyingine, na lawama hiyo si ya kupuuzwa, ingawa mimi naamini kwamba kusimama mpakani na kumwacha Amin ajipange upya kungekuwa kuwakabidhi watu wa Kagera kwa mvamizi wa kesho.

Kikwete alilituma jeshi nje kwa ruhusa ya wengi. Machi 2008 askari wetu walikwenda Anjouan, kisiwa cha Komoro, kwa idhini ya Umoja wa Afrika kumwondoa Mohamed Bacar, aliyeng'ang'ania madaraka kisiwani humo. Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa na Jenerali James Mwakibolwa, na kundi la waasi la M23 likashindwa kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 13 Julai mwaka huohuo walinda amani wetu saba waliuawa Darfur, Sudan.

Magufuli hakuwaondoa askari wa Kongo, hata baada ya shambulio la Desemba 2017 la Semuliki lililoua walinda amani wetu wasiopungua 14. Lakini alama yake ni jeshi kutumika ndani, katika uchumi. Ukuta wa Mirerani, kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite, ulijengwa na wanajeshi kwa miezi michache na kuzinduliwa Aprili 2018. Mwaka huohuo jeshi lilipewa kazi ya kubeba korosho za kusini, na Novemba askari walionekana katika mitaa ya Arusha wakati wa ukaguzi wa maduka ya kubadilishia fedha za kigeni.

Gharama ilimwangukia nani

Vita vya Kagera vinakadiriwa kugharimu takribani dola milioni 500, wakati bei ya mafuta ilikuwa inapanda na Jumuiya imekwisha kuvunjika. Wananchi waliambiwa wafunge mikanda, na waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kukumbushwa foleni za sukari, sabuni na khanga. Gharama ya msimamo wa Nyerere ilibebwa na karibu kila kaya, na kaskazini ikaongezewa mpaka uliofungwa. Walioilipa wengi wao wanajivunia walichokinunua, nami najivunia pamoja nao. Lakini kijana anayetaka msimamo huo leo aambiwe bei yake kabla hajaushangilia.

Gharama ya Kikwete haikuonekana dukani. Ilibebwa na familia za wanajeshi, na ilibebwa pia na uhuru wa kupanga, kwa kuwa miradi iliyotegemea fedha za nje ilifuata ratiba ya nje. Faida yake kwa kaskazini ilikuwa wazi zaidi kuliko ya wengine wawili: mikutano, watalii, wafanyakazi wa Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda waliokuwa Arusha hadi 2015, na wageni waliojaza hoteli.

Gharama ya Magufuli iliwaangukia watu kwa namna isiyo sawa. Mchimbaji mdogo wa Mirerani alipata soko rasmi, na Juni 2020 mmoja wao aliuza mawe mawili kwa serikali kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, jambo ambalo miaka kumi kabla lingeonekana ndoto. Mfanyabiashara wa mpakani na mwenye duka la fedha waliona upande mwingine. Kuna gharama nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, na inaniuma kwa sababu jengo lenyewe liko Arusha: Novemba 2019 serikali ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kupeleka mashauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Walioiunga mkono hatua hiyo waliiona kuwa ni kulinda mamlaka ya nchi. Mwananchi, kwa upande wake, alifungiwa mlango ulio mjini kwake.

Msimamo upi unamfaa nani

Msimamo wa Nyerere unamfaa anayeamini kwamba jina la nchi ni mali inayostahili kulipiwa, na aliye tayari kulipa yeye mwenyewe, si jirani yake. Wa Kikwete unamfaa ambaye kazi yake inategemea mgeni kuja, mpaka kupitika na mkataba kuheshimiwa, na asiyeona aibu kushirikiana na wenye nguvu mradi ardhi ibaki yetu. Wa Magufuli unamfaa aliyeona mali ikitoka kijijini kwake bila shule wala zahanati kubaki nyuma, na anayeweza kuvumilia maamuzi ya ghafla kwa kuamini kwamba mazungumzo ya upole yalikwisha kushindwa.

Uchague vipi kwa hali yako

Ukiwa unafanya biashara Namanga, Holili au Tarakea, kipe uzito kigezo cha majirani kuliko vingine vyote. Mwulize mgombea atafanya nini ndani ya saa 48 malori yakizuiwa, na ni nani atampigia simu upande wa pili. Akikujibu kwa kutaja uzalendo pekee, hajajibu.

Ukiwa katika utalii, linganisha miaka ya mpaka uliofungwa na miaka ya milango wazi, lakini kumbuka pia bomu lililotupwa katika kanisa la Olasiti tarehe 5 Mei 2013, wakati wa milango wazi. Usalama wa ndani na ukarimu kwa mgeni havitenganishwi, kwa hiyo mwulize mgombea kuhusu polisi na upelelezi kama unavyomwuliza kuhusu viza.

Ukiwa mchimbaji, au unaishi karibu na rasilimali, msimamo wa Magufuli una hoja nzito kwako. Tafuta mgombea anayeweza kueleza hatua inayofuata baada ya kuzuia: nani atachenjua, nani atanunua, na hisa za serikali zinaleta nini wilayani kwako.

Ukiwa na mtoto au ndugu jeshini, soma msimamo kwa kutazama idhini. Nyerere alipigana kwa sababu nchi ilivamiwa. Kikwete alituma askari kwa azimio la mabaraza ya kimataifa. Magufuli aliendeleza alichokikuta na kuongeza kazi za ndani. Muulize mgombea ni kipi kati ya hivyo kitamfanya atie saini, na familia ya askari asiyerudi itatunzwaje.

Na ukiwa mwanafunzi uliyepangiwa upande katika mdahalo, usichukue jina zima. Inawezekana kabisa kutetea ukali wa Kikwete juu ya ardhi, kituo cha Namanga cha Magufuli, na kukataa kwa Nyerere kuchaguliwa adui, vyote katika hotuba moja, mradi uwe tayari mpinzani wako akikuuliza gharama ya kila kimoja, na uwe na tarakimu mkononi.